Namba Niliyoisoma kwa Sauti

Mtoto akizungushiwa futi kamba kiunoni hubana pumzi. Wembamba hubana, wanene hubana. Wa darasa la kwanza tu ndio huacha tumbo lilivyo. Nashona sare za shule hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni, mwaka wa kumi na saba sasa, na kila Desemba na Januari benchi langu hujaa mpaka wengine wanasubiri nje juu ya mtaro. Ukimpima mtoto aliyebana pumzi, sketi itamkata tumbo wiki ya kwanza tu, na mama yake atarudi na maneno. Ndiyo maana fundi mzoefu husema, "Shusha pumzi, mwanangu," kisha anasubiri. Miaka yote hiyo nilidhani ni suala la kushona tu.

Leo naandika habari za binti wa dada yangu. Nitamwita Upendo, ingawa silo jina lake. Sasa ana miaka kumi na tisa. Amesoma haya kabla sijayaweka hapa, akafuta sentensi mbili, mengine akasema niyaache. Jambo moja tulilokubaliana tangu mwanzo ni kwamba sitaandika kilo zake wala inchi zake. Aliniambia kwamba alipokuwa anaumwa ugonjwa wa kujinyima chakula alikuwa anasoma visa vya wagonjwa wenzake kwenye simu akitafuta namba zao, azijue, ashuke chini yake. Kwa hiyo nitaeleza kwa kitambaa.

Desemba 2019 Upendo alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Dada yangu akamleta kwangu apimwe sare: sketi ya marinda ya bluu na mashati mawili meupe. Alikuwa mtoto mnene. Kwao Pasua baba yake ana duka, soda ziko hatua mbili kutoka kwenye kochi, na shuleni alikuwa anapelekwa na bodaboda asubuhi na kurudishwa jioni. Hakuna aliyeliona kuwa tatizo, na kusema kweli mtoto alikuwa mchangamfu, anaimba kwaya, anacheka kwa sauti ya kusikika nje.

Utaratibu wangu wa kazi enzi hizo ulikuwa hivi: mimi napima, na binti ninayemfundisha kazi anaandika kwenye daftari huku ameketi upande wa pili, kwenye mashine ya ovaloki. Mashine zinapiga kelele, kwa hiyo nilikuwa natangaza. Bega, kadhaa! Kifua, kadhaa! Nilipotangaza kiuno cha Upendo, binti yule akauliza, "Kiuno au hipsi?" Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi: kiuno. Benchi zima likacheka. Kijana mmoja wa rika lake akasema, "Bonge nyanya." Na mimi, mama yake mdogo niliyembeba mgongoni, nikaongeza, "Huyu kitambaa chake kitatufilisi."

Upendo naye alicheka. Nilimwona akicheka, nikaendelea kupima urefu wa mkono.

Tarehe 17 Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona, na wao wakarudi tarehe 29 Juni. Miezi hiyo mitatu na zaidi alikaa nyumbani na simu ya mama yake. Alianza kwa kuacha soda, jambo jema, tukampongeza. Akaacha maandazi, tukampongeza. Akaacha wali, akaacha ugali, akaacha chochote kilichopita kwenye mafuta. Alfajiri, wenzake wamelala, alikuwa anaruka kamba uani mpaka jirani akalalamika. Dada yangu alinipigia simu kwa furaha: "Mtoto amejitambua."

Desemba ile akaja nimpunguzie sketi. Nikafumua kiuno, nikatoa marinda manne. Vipande nilivyokata vilitosha kumshonea mwanangu wa kiume, aliyekuwa darasa la pili, kifuko cha penseli chenye zipu. Nakumbuka nilimgeuza Upendo mbele ya kioo nikamwambia, "Sasa umekuwa msichana." Naomba msomaji aisome sentensi hiyo polepole. Mtoto alikuwa ameshaanza kuumwa, na mtu mzima anayempenda akamwambia kwamba ugonjwa ule ndio uliomfanya awe mtu.

Mwaka uliofuata nikapunguza tena. Safari hii nilikata sehemu pana kama kiganja changu kila upande, na zipu nikaihamisha kabisa.

Krismasi ya 2021 tulikuwa Kibosho kwa mama yangu. Anayejua Wachaga anajua Desemba ilivyo, magari kutoka Dar es Salaam yamejaa njia ya migombani, watu hawajaonana mwaka mzima, na salamu ya kwanza huwa ni ya mwili. "Umenenepa!" "Mbona umekonda hivyo?" Kwa wazee wetu kunenepa ni sifa, ukiambiwa umenawiri maana yake umekula, umetulia, nyumba yako ina amani. Kwa vijana wetu neno lilelile ni kisu. Tunayatumia maneno yale yale kwa watu wawili wanaoyasikia tofauti, halafu tunashangaa binti amejifungia chumbani.

Siku ile Upendo alisifiwa na kila mtu. Shangazi wawili walimuuliza siri yake.

Mama yangu alipika mtori mwenyewe. Hamwachii mtu. Aliketi kwenye kigoda, akamenya ndizi mshare, akaziweka na nyama ya mbavu kwenye sufuria nyeusi juu ya mafiga, na zilipolainika akazipiga kwa mwiko taratibu huku akichuja nyuzi kwa ncha ya kisu. Bakuli la kwanza hakumpa babu wala wajomba. Alimpa Upendo. Mtori kwetu ni chakula cha mama aliyejifungua, chakula cha kurudisha damu, na mama hakumpa mtoto yule kwa bahati.

Niliketi karibu naye. Alishika bakuli kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Akakoroga. Akainua kijiko, akakinusa, akakirudisha. Akasogeza vipande vya nyama pembeni ya bakuli, kimoja kimoja, vikakaa kwenye mstari. Muda wote alikuwa anaongea kuliko kawaida yake, maswali kwa huyu, vicheko kwa yule, na bibi yake alipogeuka kuongeza kuni, yeye akamimina kila kitu kwenye bakuli la mwanangu. Niliona. Nikajiambia, mwache, anatunza umbo lake.

Usiku mama aliniita jikoni. "Huyu mtoto anaumwa," akasema. "Nimemshika mkono wakati wa sala. Nimeshaushika mkono wa namna hii."

Mama alizika kaka zangu wawili miaka ya 1990. Kwa watu wa umri wake, mtu akikonda huwezi kumsifia. Wanaanza kuhesabu siku. Alitaka Upendo apimwe virusi vya UKIMWI kesho yake. Nikamtuliza, nikamwambia haya ni mambo ya siku hizi, mabinti wanapenda wembamba. Katika watu zaidi ya thelathini waliokuwa kwenye boma lile, ni mmoja tu aliyeona sawasawa, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Januari, kabla hajarudi shule, alikuja kujaribu shati. Januari Moshi ni joto, mlima uko wazi tangu asubuhi na bati la kibanda changu linalia kwa jua, lakini yeye alikuwa amevaa sweta. Alipolivua nikaona mikono yake ina malaika wengi, vile vinyweleo laini, vimeota mpaka kwenye bega. Nilipokuwa nabana mwisho wa mkono wa shati kwa pini nikaona mengine: kwenye vifundo vya vidole vya mkono wa kulia palikuwa na alama kavu, nyeusi, mbili, ngozi imekuwa ngumu. Nikauliza. Akasema aliungua na pasi. Mimi nashika pasi kila siku, na pasi haiunguzi hivyo. Nikabandua pini, nikaendelea.

Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba alama zile zina jina. Daktari Gerald Russell wa London alizieleza mwaka 1979, alipoandika kwa mara ya kwanza kuhusu bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha: ni meno yanayokwaruza ngozi ya mkono wa mtu anayejitapisha mara kwa mara. Na malaika wale ni mwili unaojaribu kujifunika kwa sababu mafuta ya kuuhifadhia joto yamekwisha.

Kwaresma ya 2022 ikampa kisingizio. Alisema anafunga, na nani atamkataza mtoto kufunga? Wiki moja kabla ya Pasaka alianguka kwenye mstari wa asubuhi. Matroni akasikia kwamba anatapika na kwamba hajaona siku zake kwa miezi mingi, na mawazo yakaenda kule ambako mawazo ya watu wazima huenda. Alipimwa mimba, mara mbili. Hakuwa nayo. Akapimwa virusi, hakuwa navyo. Kwenye zahanati moja akaambiwa ana vidonda vya tumbo, akapewa dawa. Mahali pengine walimpima uzito, wakaangalia urefu, wakasema, "Uzito wake mzuri tu, wala hajapungua kiasi cha kutisha." Dada yangu akarudi naye nyumbani akiwa amefarijika.

Uzito mzuri. Maneno hayo yangemuua.

Mjomba wake alisisitiza apelekwe hospitali kubwa, na huko tukampata daktari wa kike ambaye hakuanza na mizani. Alimshika mkono akihesabu mapigo, akiangalia saa, kimya, dakika nzima. Mapigo yalikuwa chini ya hamsini, mchana, mtoto yuko macho. Kwa kijana ambaye si mwanariadha, alisema, hiyo peke yake inatosha kumlaza. Damu ikaonyesha madini ya potasiamu yameshuka, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kuyumba bila kutoa taarifa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Miaka miwili iliyopita alikuwa na uzito gani?"

Dada yangu hakujua. Shuleni hawakuwa na kumbukumbu. Upendo alitazama ukuta. Mimi nikakumbuka daftari.

Nilipanda bodaboda mpaka kibandani, nikafungua sanduku la vitambaa, nikatoa madaftari matatu yenye majalada ya chaki na mafuta ya cherehani. Desemba 2019, Desemba 2020, Desemba 2021. Nikamwekea daktari mezani. Alisoma namba zile kwa kidole, mstari kwa mstari, bega, kifua, kiuno, hipsi, akarudi mwanzo, akasoma tena. Akasema, "Historia ya ugonjwa ndiyo hii." Akaniuliza kama anaweza kupiga picha kurasa zile. Nilikuwa nimeiandika historia yenyewe, kila mwaka, na kila mwaka nilimpongeza mgonjwa.

Akatueleza. Mtoto aliyeanza akiwa mnene akijinyima mpaka akafika kwenye uzito ambao chati inauita wa kawaida, mwili wake unaweza kuwa na njaa ileile ya mtu aliyebaki mifupa. Moyo hauangalii chati. Hedhi haiangalii chati. Na watoto wa aina hii huchelewa kugundulika kuliko wengine, kwa sababu njia nzima wanapigiwa makofi. Ugonjwa wenyewe, anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, haukuja na intaneti. Daktari William Gull wa London aliupa jina la anoreksia nevosa mwaka 1873, kabla hata sinema haijaanza. Si kiburi, si uzungu, si pepo. Ni ugonjwa wa akili unaoua, na matibabu yapo.

Dada yangu akauliza, kwa nini sisi? Sisi ambao tunasifia unene? Daktari akamsimulia habari za Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Kule pia watu waliheshimu mwili ulioshiba. Kumwambia mtu amekonda ilikuwa kumsikitikia. Televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa sekondari wa pale mwaka huohuo, na hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Alipowauliza wengine wa rika hilohilo mwaka 1998, walikuwa asilimia 11.3. Ile ilikuwa televisheni tu, sebuleni, mchana na usiku watu wakiiangalia pamoja. Simu ya Upendo ilikuwa chini ya blanketi.

Siku ya pili mama yangu alishuka kutoka Kibosho na hotipoti ya mtori. Nesi alimzuia kwa adabu. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu haujazwi kwa mara moja: ukijazwa, madini ya fosfeti huporomoka kwenye damu na moyo unaweza kushindwa, kwa hiyo wanaanza na kidogo, wanapima damu, wanaongeza. Nilidhani mama atakasirika. Akatikisa kichwa. "Hata ng'ombe aliyeshinda na njaa humwagii majani mabichi yote," akasema. "Atavimba." Akauliza aruhusiwe vijiko vingapi. Akaambiwa sita. Alihesabu sita, akafunga hotipoti, akakaa nayo mapajani mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha.

Alipotoka hospitali alihamia kwangu, maana kibanda na nyumba yangu viko uwanja mmoja na dada yangu anashinda dukani. Tulifundishwa njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley kule London miaka ya 1980. Kwa muda fulani wazazi ndio wanaoamua mtoto ale nini na lini, wanakaa naye mezani mpaka amalize, bila kumpigia kelele na bila kumwachia. Milo mitatu na vitafunwa katikati. Baada ya kula haendi chooni peke yake kwa muda. Kadiri anavyopona, anarudishiwa uamuzi wake kidogo kidogo.

Sasa, nyumbani kwangu kulikuwa na jambo lingine. Mwanangu wa kiume, wakati ule darasa la nne, alikuwa mnene, na kliniki walikuwa wameshaniambia nimwangalie: magoti yanauma, anahema akipanda ngazi. Kwa hiyo meza moja, watoto wawili, mmoja nimwongezee na mwingine nimpunguzie. Nilimuuliza mtaalamu wa lishe, mama mmoja mpole anayevaa raba na suti, kama nipike sufuria mbili.

"Sufuria moja," akasema. "Meza moja. Asiwepo mtoto mwenye sahani ya adhabu."

Akaniambia jambo ambalo sijaliacha tangu siku ile: kumwekea mtoto daieti kali ni mojawapo ya milango ya ugonjwa wa Upendo. Kuna utafiti wa Australia, jimbo la Victoria, uliochapishwa 1999. Waliwafuatilia vijana kwa miaka mitatu, na wasichana waliojinyima sana chakula walikuwa na uwezekano mara 18 zaidi wa kupata matatizo ya ulaji kuliko wasiojinyima. Na mtoto anayekua, akasema, mara nyingi hana haja ya kushuka kilo. Uzito ukitulia na urefu ukipanda, mwili unajipanga wenyewe. Badilisha nyumba, usimbadilishe mtoto mmoja.

Basi tukabadilisha nyumba. Soda ikatoka, kwa wote, hata kwangu niliyekuwa nakunywa moja kila saa nane mchana nikiwa kwenye mashine. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai; mpime mtoto vijiko tisa kwenye kikombe uone kama utamkabidhi. Bodaboda ya shule nikaisimamisha, mwanangu akawa anatembea na wenzake. Jioni mpira, maana Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate angalau dakika 60 za kuchezesha mwili kila siku, na mwanangu alikuwa anapata ngazi tu. Kiburu cha ndizi, maharage, mchicha, dagaa, parachichi, ugali kama kawaida. Simu zinakaa kwenye kabati wakati wa kula. Mizani nikaigawa.

Parachichi ndilo lililokuwa vita. Kilimanjaro maparachichi yanaoza chini ya miti, na Upendo alikuwa analiogopa kama nyoka. Jioni ya kwanza nilimwekea nusu. Dakika arobaini nzima tulikaa pale. Alilia, akasema, "Mnataka niwe bonge tena." Akasema namchukia. Nilikuwa nimefundishwa nijibu nini: "Najua ni ngumu. Niko hapa." Nilisema hivyo labda mara kumi, sauti inatetemeka. Wenzake mwanangu walikuwa wanamwita nje, mpira umeshaanza. Yeye alikuwa amemaliza zamani. Alikuwa na kile kifuko cha penseli cha bluu mkononi, anafungua zipu na kuifunga. Nikamwambia aende. Akasema, "Namsubiri dada."

Hakucheza mpira jioni ile. Wala ya pili. Jioni ya nne Upendo alikula haraka, akamwambia, "Nenda, wanakusubiri."

Sitaki mtu adhani lilikwenda kama maji mteremkoni. Siku zake zilirudi baada ya miezi minane. Mwaka 2023, kuelekea mtihani wa kidato cha nne, alianza tena kuficha chakula, na tukarudi hospitali kabla halijawa kubwa. Meno mawili ya nyuma yameharibika, asidi ya tumbo imekula ganda lake, na hayo hayarudi. Mwanangu naye ameingia sekondari, bado ni kijana mnene kiasi, lakini hahemi tena, na kwa miaka miwili nimeshusha pindo la suruali yake mara tatu kabla sijagusa kiuno.

Naona watoto wengi. Viuno vinavyopita mikononi mwangu si vya mwaka nilioanza kazi. Kwa sare za mjini siku hizi natia lasitiki nyuma bila hata kuuliza. Si Moshi tu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya milioni 390 duniani, na milioni 160 kati yao wana unene uliokithiri; mwaka 1990 walikuwa asilimia 8 ya rika hilo, mwaka 2022 wakafika asilimia 20. Hili ni tatizo la kweli. Kisukari na presha nilivyovijua kuwa vya wazee, sasa nasikia vinatajwa kwa watoto wa shule. Sisemi tufumbe macho. Nasema mtoto hakuuza chipsi mayai mbele ya geti la shule, hakujenga fremu za maduka kwenye kiwanja cha mpira, hakujipangia tuisheni mpaka saa kumi na mbili jioni. Halafu aibu yote tunamtwisha yeye.

Na wavulana wapo. Januari hii alikuja mmoja, kidato cha tatu, anaomba mikono ya shati ibanwe ili misuli ionekane, na nilipompima mapigo yake niliyahisi kwenye futi kamba. Nilimuuliza amekula nini leo. Akasema mayai meupe tu. Nilimwita mama yake pembeni.

Kwenye kibanda changu sasa kuna pazia. Napima nyuma ya pazia, naandika mwenyewe kwa penseli, sitamki. Benchi linasubiri kidogo zaidi na wateja wengine wanalalamika. Mzazi akianza, "Mwone alivyokuwa mnene huyu," mbele ya mtoto, namkatiza. Nimepoteza wateja wawili kwa ajili hiyo. Akisema, "Mwanangu amekonda vizuri siku hizi," nafungua daftari la mwaka jana, na kama namba imeshuka kwa mtoto ambaye bado anarefuka, namwambia mama abaki kidogo. Mtoto anayekua, kiuno chake hakipaswi kurudi nyuma miaka miwili mfululizo. Sina utaalamu wa daktari, lakini hilo naliona kabla ya daktari. Shule zinazowapima watoto uzito mbele ya darasa na kusoma majina, nawasihi walimu: mpimeni kila mtoto peke yake nyuma ya mlango, mwandike, mnyamaze.

Nilimwomba Upendo msamaha mwaka jana, kwa namba ile. Tulikuwa tunamenya ndizi. Akasema haikuwa namba tu, hata vile nilivyomgeuza kwenye kioo mwaka uliofuata. Hilo la kioo nilikuwa sijalihesabu. Nikaomba msamaha kwa hilo pia. Akaendelea kumenya.

Jumamosi iliyopita amekuja kupimwa gauni la kitenge kwa ajili ya sendofu ya binamu yake. Kioo nilikuwa nimekigeuzia ukutani, akakigeuza mwenyewe. Nikapita begani, kifuani, nikashuka kiunoni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie ashushe pumzi, kumbe hakuwa ameibana. Nikaandika, nikafunga daftari.

"Mama mdogo, mifuko inawezekana?"

Nikamwambia inawezekana, pande zote mbili.